Breki za magurudumu kwenye Caravan: mguu ufuate uzito

Swali: "Miezi mitatu iliyopita nilihamia kwenye Cessna 208B Grand Caravan nikitokea kwenye Cessna 172, na kituo changu ni Wilson, Nairobi. Nahodha mmoja ananiambia kwamba ndege ya turbopropu, yenye injini ya tabo inayozungusha propela, haihitaji breki kwa sababu ina rivasi, yaani propela inayoweza kusukuma hewa mbele ili kuirudisha ndege nyuma. Mwingine ananitaka nikanyage mara tu magurudumu yanapogusa lami, ili niondoke njiani mapema. Wiki iliyopita fundi alinionyesha tairi la kushoto likiwa limelika bapa mahali pamoja, akaniuliza nafanya nini na miguu yangu, nami sikuwa na jibu. Utaratibu sahihi wa kufunga breki ni upi?"

Ndugu rubani,

Nianze na swali la fundi, kwa sababu liko karibu na jibu kuliko ushauri wa manahodha wote wawili. Tairi lililolika bapa mahali pamoja linaeleza kwamba kuna wakati gurudumu lilisimama huku ndege ikiendelea kwenda, na gurudumu halisimami hivyo ila nguvu ya breki imezidi nguvu ya lami inayolizungusha. Hilo hutokea hasa pale mguu unapoutangulia uzito: breki imekanyagwa wakati bawa bado limeibeba ndege, na tairi limeigusa lami bila kuielemea. Manahodha wako kila mmoja ameshika kipande cha utaratibu mmoja. Propela ina wakati wake, breki zina wakati wake, na kinachoamua zamu ya kila moja ni mwendo wa ndege pamoja na kiasi cha uzito kilichokwisha kutua juu ya magurudumu.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Uzito wa juu kabisa wa kutua kwa 208B ni pauni 8,500, yaani takriban kilo 3,856. Ndege yenye uzito huo, ikigusa chini kwa mwendo wa noti 80 (maili za baharini kwa saa) juu ya ardhi, hubeba nishati inayotosha kuchemsha nusu debe la maji yaliyokuwa na joto la nyuzi 20. Nishati hiyo yote sharti iishie mahali kabla ndege haijasimama, ama hewani, ama kwenye diski mbili ndogo za breki. Na kwa kuwa nishati ya mwendo hupanda kwa mraba wa mwendo, mgawanyo wake unashangaza mtu anapoupiga hesabu kwa mara ya kwanza. Kushuka kutoka noti 80 hadi 60 ni kupunguza robo tu ya mwendo, lakini karibu asilimia 44 ya nishati imekwisha kuondoka. Ukifika noti 40, robo tatu yake haipo tena. Rubani anayeiacha hewa na propela zifanye kazi hadi noti 50, breki zake hukuta chini ya asilimia 40 ya mzigo. Anayekanyaga tangu noti 80 huzibebesha diski kazi ambayo hewa ingeifanya bure. Kwa hesabu hiyohiyo, aliyekuja na noti 10 za ziada, akagusa kwa 90 badala ya 80, ameongeza zaidi ya robo ya nishati, na hakuna ufundi wa mguu utakaomrudishia alichopoteza kwa kutosimamia mwendo wake akiwa bado angani.

Kwako wewe jambo hili lina uzito zaidi kwa sababu ya mahali unaporukia. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Kipima mwendo kikikuonyesha noti 70 wakati wa kugusa, siku ya joto la nyuzi 25 na upepo umetulia, mwendo wako halisi juu ya lami ni karibu noti 79. Ukitua Lamu kwa noti 70 zilezile za kwenye kipimo, mwendo halisi ni kama 72. Macho yako yaliyoko ndani ya chumba cha rubani yanaona namba moja, lakini breki zako za Wilson zinapokea nishati iliyozidi ya Lamu kwa takriban moja ya tano. Marubani waliolelewa pwani hulitambua hili kwa mshangao wanapopanda bara, na waliolelewa bara hawalitambui kabisa, kwa kuwa hawajawahi kuonja kingine.

Sasa tuje kwenye uzito. Nguvu ya breki haitoki kwenye pedali; inatoka pale tairi linapokutana na lami, nayo haiwezi kuzidi msuguano uliopo hapo, na msuguano hutegemea uzito unaolikandamiza tairi. Sekunde ya kwanza baada ya kugusa, pua ikiwa bado juu na flapu, yaani vibawa vinavyoshushwa nyuma ya bawa, zikiwa nyuzi 30, bawa linaendelea kubeba sehemu kubwa ya ndege. Kila noti inayopotea huhamisha uzito kidogo kutoka kwenye bawa kwenda kwenye magurudumu, na kwa kuwa nguvu ya kunyanyua nayo hufuata mraba wa mwendo, mwendo ukipungua hadi nusu, bawa lililokaa katika mkao uleule hubakiwa na robo tu ya nguvu yake. Ndiyo sababu mkanyago uleule ambao kwa noti 75 ungelifunga gurudumu na kulikwangua, kwa noti 45 huisimamisha ndege vizuri bila mlio wowote.

Caravan haina kifaa cha kuzuia magurudumu kufungwa na breki kama kilichomo kwenye ndege kubwa zaidi za abiria kama ATR 72 au Dash 8 Q400. Kifaa hicho ni mguu wako. Tairi hushika lami vizuri zaidi linapozunguka polepole kidogo kuliko mwendo wa ndege, pengine kwa sehemu moja katika kumi au zaidi kidogo. Likipita hapo likasimama kabisa, msuguano hupungua, mpira huanza kulika, na jambo baya kuliko yote, tairi hupoteza uwezo wa kuizuia ndege isiende kando. Rubani aliyefunga magurudumu yote mawili kwa nguvu hasimami upesi kuliko mwenzake aliyekanyaga kwa kiasi. Husimama mbali zaidi, tena hana hakika atasimama akiwa ameelekea wapi.

Utaratibu wenyewe, basi, huanza kabla ya kugusa. Ukiwa kwenye mzunguko wa kutua, bonyeza pedali za breki mara moja na usikie kama zina ukinzani ulio sawa kulia na kushoto. Pedali inayozama ni habari ambayo ni afadhali kuipata angani, kungali na nafasi ya kuchagua kiwanja kirefu zaidi. Kisha shusha visigino. Visigino vikae sakafuni na nyayo zisukume sehemu ya chini ya pedali tu, ile inayoendesha usukani wa mkia. Matairi mengi yaliyopasuka wakati wa kugusa yalipasuliwa na vidole vya mguu vilivyokuwa vimepanda juu ya pedali bila mwenyewe kujua, hasa kwa marubani wenye miguu mifupi wanaosogeza kiti mbele sana.

Gusa kwa magurudumu makuu, kisha shusha gurudumu la pua kwa utaratibu wakati usukani wa mkononi ungali na nguvu ya kuliongoza lisidunde. Rudisha wenzo wa nguvu ukipita kituo cha mwendo wa chini kabisa hadi kwenye beta, wenzo wa propela ukiwa mbele kabisa. Hapo mapanga ya propela hulala karibu bapa dhidi ya upepo, nayo hugeuka kuwa kama ngao pana inayosukumwa na hewa. Breki hii ya hewa ina nguvu zaidi mwendo unapokuwa mkubwa, yaani wakati uleule ambao breki za magurudumu hazina uwezo. Nahodha wako wa kwanza alikuwa na haki kwa kiasi hicho. Kosa lake ni kuiendeleza haki hiyo hadi mwisho wa njia, kwa sababu ngao hiyo hudhoofika kadiri mwendo unavyopungua, na anayetaka kusimama kwa propela peke yake hulazimika kuvuta rivasi yenyewe na kuiacha ivume hadi ndege inakaribia kusimama. Rivasi ya mwendo mdogo husukuma vumbi na kokoto mbele ya ndege, ambazo propela huzikuta na injini huzinyonya. Ukipita kwenye viwanja vya Maasai Mara ukaangalia kingo za mapanga ya ndege zilizotumiwa hivyo, utaona mabonde yaliyochongwa na changarawe. Mimi huifundisha beta kuwa desturi ya kila kutua na rivasi kamili kuwa akiba ya siku mbaya. Hata siku hiyo, irudishe mbele mapema kabla vumbi halijaipita pua. Na beta haichaguliwi kamwe ndege ikiwa angani, hata futi moja juu ya lami.

Propela ikiwa imeshafanya zamu yake, na ndege ikiwa imenyooka juu ya mstari wa katikati, ndipo unapotelezesha nyayo kupanda juu ya pedali. Kanyaga mara moja, kwa miguu yote miwili kwa pamoja, ukianza kwa wepesi wa kutafuta, kisha ukiongeza kadiri unavyohisi mwili wako ukisukumwa mbele kwenye mkanda. Ongezeko hilo liende sambamba na kupungua kwa mwendo. Usipigepige breki. Tabia ya kukanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, tunaileta kutoka kwenye magari ya zamani yenye breki dhaifu, na kwenye ndege inapoteza mita nyingi katika kila mwachio. Ukisikia ndege inatetemeka upande mmoja au inavutwa ghafla, gurudumu limefungwa: achia kabisa, hakikisha limeanza kuzunguka, kisha rudi kwa mguu mwepesi zaidi.

Mkono nao una kazi wakati huo. Breki huinamisha pua, na pua ikiinama uzito hukimbilia gurudumu la mbele lisilo na breki. Kwa hiyo, kadiri mguu unavyoongeza, mkono uvute usukani nyuma, ili mkia uzidi kuyakandamiza magurudumu makuu. Ukivuta kabla ya breki kushika, unaweza kuinyanyua pua tena. Mkono na mguu viende pamoja. Njia ikiwa fupi kweli, kitabu cha ndege kinakutaka uziinue flapu baada ya kugusa ili bawa liachie mzigo wake, na kwenye Caravan yenye miguu isiyokunjwa hilo halina hatari kubwa. Siku utakapohamia kwenye ndege yenye magurudumu ya kukunjwa, iache desturi hiyo hadi utakapofundishwa upya. Wapo walioshika wenzo wa magurudumu wakidhani wameshika wa flapu.

Turudi kwenye tairi lako la kushoto. Hukuniambia unatua kwenye njia ipi, lakini Wilson ina njia mbili zinazokatana, 07/25 na 14/32, na upepo wa Nairobi kwa sehemu kubwa ya mwaka hutoka kaskazini-mashariki na mashariki. Anayetua njia ya 14, yaani akielekea kusini-mashariki, huupokea upepo huo kutoka kushoto. Upepo wa kushoto huinyanyua bawa la kushoto, na tairi lililo chini yake huwa jepesi kuliko mwenzake wa kulia. Ukikanyaga sawasawa kwa miguu yote miwili mapema, tairi jepesi ndilo litakalofungwa kwanza. Naamini umekuwa ukiulegeza usukani baada ya kugusa, kama wafanyavyo wengi wanaodhani kazi ya upepo huisha magurudumu yakishagusa. Zungusha usukani kuelekea upepo unakotoka, uuongeze kadiri mwendo unavyopungua hadi ufike mwisho, na bawa la kushoto litakaa chini. Sababu ya pili hutokea upande wa pili: upepo huigeuza pua kushoto, nawe unasukuma pedali ya kulia kuinyoosha, na mguu ulionyooka ni rahisi vidole vyake kuigusa breki bila kukusudia. Kama siku moja tairi la kulia nalo litaanza kulika, chunguza hilo.

Kuongoza ndege kwa breki wakati mwendo ungali mkubwa ni kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanaotoka kwenye ndege ndogo. Kwa mwendo mkubwa mkia unatosha kuiongoza, na kwa mwendo wa wastani gurudumu la pua hupokea. Breki ya upande mmoja ina nafasi yake unapokata kona ya kuegesha, wala si unapokimbia kwa noti 60.

Mvua hubadilisha mengi. Tairi likikuta maji yaliyotuama, linaweza kupanda juu yake likaelea, nalo halioni breki hata kidogo. Utafiti wa NASA uliacha kanuni ambayo marubani bado wanaitumia: chukua upepo wa tairi kwa pauni kwa inchi ya mraba, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 9, na utapata mwendo kwa noti ambao juu yake tairi linalozunguka huanza kuelea. Kwa tairi lililogusa maji kabla halijaanza kuzunguka, zidisha kwa 7.7. Tairi lenye pauni 49 lina kipeuo cha 7, kwa hiyo namba zako ni 63 na 54. Maana yake ni kwamba ukigusa kwenye maji yaliyotuama kwa mwendo halisi wa noti 79, huenda tairi lisishike kitu hadi ushuke chini ya 54, na kukanyaga kabla ya hapo ni kulizuia tu lisianze kuzunguka. Matairi mapana ya viwanjani, yanayojazwa upepo kidogo ili yasizame kwenye udongo laini, yana namba za chini zaidi: kwa pauni 36 ni 54 na 46. Watu huyasifu kwa changarawe, na ni kweli yanafaa huko, lakini kwenye lami yenye madimbwi ndiyo yanayoelea mapema. Siku hiyo gusa kwa uthabiti badala ya kubembeleza, teremsha pua, tumia beta mara moja, na subiri. Kusubiri huko ndiko kugumu, kwani mwisho wa njia huonekana unakuja mbio na mguu hutaka kufanya jambo.

Mimi mwenyewe nilijifunza hayo kwenye kiwanja cha nyasi huko Mara, mvua ya alasiri ikiwa imepita nusu saa tu. Udongo mweusi wa kule ukilowa huwa kama sabuni iliyopakwa juu ya kioo. Niligusa vizuri, nikakanyaga kama nilivyozoea kwenye lami, na magurudumu yote mawili yakasimama papo hapo. Ndege haikupungua mwendo hata kidogo. Ilianza kugeuka taratibu kama mtumbwi ulioachiwa. Nilipoachia pedali magurudumu yalirudi kuzunguka, mkia ukashika, na beta ikafanya kazi yote iliyobaki. Tulisimama na mita chache mkononi. Abiria walidhani ni ufundi.

Kuhusu shinikizo la kuondoka njiani mapema: najua Wilson ina msongamano, na najua sauti ya mdhibiti anapokuharakisha. Lakini njia zake zina karibu mita 1,500 kila moja, na Caravan iliyogusa mahali pake kwa mwendo wake haihitaji breki kali hapo. Anayefunga breki ili aiwahi kona ya kwanza ya kutokea analipa kwa tairi na pedi ili kuokoa sekunde chache. Mwambie mdhibiti mapema kwamba utatumia kona inayofuata, atakupangia.

Joto la breki ni jambo jingine lisiloonekana kwenye kipimo chochote ndani ya Caravan. Safari za watalii zinazoshuka kiwanja hadi kiwanja kwa dakika kumi kumi huzikuta diski hazijapoa tangu kutua kwa awali, na joto hujilimbikiza. Dalili ni harufu kali, na pedali inayozidi kuwa laini. Ukifika na breki za moto, usifunge breki ya kuegeshea, weka vizuizi vya magurudumu, na mtu asisimame ubavuni mwa gurudumu. Alikaribie kwa mbele au kwa nyuma. Mwachie fundi wako pia neno kuhusu mafuta ya breki, kwani ndege hizi hutumia mafuta mekundu ya haidroliki yatokanayo na madini, na mafuta ya breki za gari yakiingizwa humo huharibu mipira ya ndani.

Na ikitokea pedali imezama mguuni ukiwa tayari chini, pampu haraka mara mbili au tatu. Mara nyingi shinikizo hurudi. Kama halirudi, hapo ndipo akiba ya rivasi kamili inapotumika, na ukishaivuta usibadili nia ukataka kuruka tena, maana propela huchukua muda kurudi kusukuma mbele na njia haikusubiri. Uamuzi wa kuruka tena hufanywa kabla ya wenzo kupita kituo cha chini. Juma hili mwombe mwalimu wako mtue mara sita kwenye njia ya 14 asubuhi tulivu, magurudumu yote yakiguswa na breki baada tu ya wewe kutamka "noti hamsini" kwa sauti, kisha nendeni pamoja mkamwonyeshe fundi tairi hilo la kushoto.